Pumzi na umakini kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kriya yoga

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wanaoanza, na kwa wengine walioanza wakakwama. Majibu ni ya mtu anayefanya mazoezi haya, si ya daktari wala ya msemaji wa shirika lolote. Mbinu yenyewe ya kriya haimo humu, na sababu yake utaikuta kwenye swali la tatu.

Kriya yoga ni kitu gani, na ilianzia wapi?

Ni njia ya kutafakari inayotumia pumzi, uti wa mgongo na umakini kwa pamoja ili akili itulie. Yale mazoezi ya viungo yanayojaa kwenye picha za yoga yana nafasi ndogo sana humo. Sehemu kubwa ya muda mtu amekaa tu, amefumba macho, na anayemtazama haoni lolote la kusimulia.

Jina ni la zamani. Patanjali, mwandishi wa kale wa India, anaifungua sura ya pili ya kitabu chake, Yoga Sutra, kwa kuitaja kriya yoga kuwa mambo matatu: nidhamu ya kujinyima, kujisoma nafsi pamoja na maandiko, na kujikabidhi kwa Mungu. Hata hivyo, watu wengi leo wakisema kriya yoga wanakusudia mbinu iliyoenezwa kutoka Banaras, mji unaoitwa pia Varanasi, na Lahiri Mahasaya. Huyu alizaliwa mwaka 1828 na alikuwa mhasibu katika idara ya uhandisi ya jeshi, chini ya serikali ya Kiingereza nchini India. Wafuasi wake wanasimulia kwamba alipewa mbinu hiyo mwaka 1861 karibu na Ranikhet, kwenye vilima vya Himalaya, na mwalimu ajulikanaye kwa jina la Babaji. Lahiri Mahasaya hakubaki mlimani. Alirudi kazini, akaishi na mkewe na watoto wake, akafundisha watu nyumbani kwake hadi alipofariki mwaka 1895. Mwanafunzi wake Sri Yukteswar akamfundisha Yogananda, naye Yogananda akafika Boston mwaka 1920 na kuanza kuifundisha Marekani.

Ule uhasibu nautaja kwa makusudi. Mtu akilalamika kwamba hana nafasi ya mazoezi ya kila siku kwa sababu ana kazi na familia, huwa namkumbusha kwamba mwalimu mkuu wa njia hii alikuwa na vyote viwili.

Je, ni sawa na Sudarshan Kriya, au kriya za kundalini?

Hapana. Sudarshan Kriya ni mbinu ya pumzi ya Ravi Shankar, mwanzilishi wa shirika la Art of Living. Kriya za kundalini, jina la nishati ambayo mapokeo ya yoga husema imelala chini ya uti wa mgongo, zile zilizoenezwa na Yogi Bhajan, ni mifululizo ya mazoezi ya viungo, pumzi na sauti. Swami Satyananda wa Bihar naye alikuwa na mpangilio wake wa kriya. Kila moja ina mantiki yake na wanafunzi wake. Kosa ni kuzichanganya: kuchukua pumzi ya haraka kutoka huku, kuzuia pumzi kutoka kule, na kuyafanya yote kwa asubuhi moja. Chagua njia moja, kaa nayo muda wa kutosha kuifahamu.

Naweza kujifunza mwenyewe kupitia video?

Matayarisho, ndiyo. Mbinu yenyewe ya kriya, hapana, na hapa sina kigugumizi.

Katika matawi yote makuu yaliyotokana na Lahiri Mahasaya, pumzi ya kriya hutolewa kwa diksha, yaani mwalimu aliyeruhusiwa humpa mwanafunzi kwa utaratibu maalumu, naye mwanafunzi huahidi kutoisambaza. Katika mkondo wa Yogananda mtu husoma masomo ya awali kwa miezi kadhaa kabla ya kufika hapo. Wengine huona usiri huo ni wa kujitakia makuu. Mimi naona una sababu ya kawaida kabisa. Pumzi ya kina inayorudiwa mara nyingi huku umakini ukielekezwa mahali fulani mwilini ina makosa ambayo mwenye kuyafanya hayaoni: shingo inakakamaa, koo linakazwa kupita kiasi, pumzi inavutwa kwa pupa, mabega yanapanda. Video haiwezi kukwambia “legeza taya”. Isitoshe, ukilinganisha video mbili tatu za mbinu hiyohiyo utakuta hazikubaliani, na huna namna ya kujua ipi imekosea.

Kwa upande wa mwalimu, nenda taratibu. Anayefaa atakuuliza kuhusu afya yako kabla ya kukufundisha chochote. Atakueleza mapema kama kuna mchango au ada, na ni kiasi gani. Anayekuahidi kuponya ugonjwa, anayekwambia uache dawa, anayekutaka ujitenge na ndugu zako, au anayedai fedha zaidi ili akupe “siri ya juu”, muage kwa adabu uende zako.

Nikiwa bado sijapata mwalimu, nianze na nini?

Anza na vitu vitatu ambavyo havihitaji diksha wala havina hatari kwa mtu mwenye afya ya kawaida. Vitakufaa hata kama hutafika kwenye kriya yenyewe.

Cha kwanza ni kuukaza na kuulegeza mwili. Ukiwa umesimama au umekaa, vuta pumzi, kaza mwili mzima kwa sekunde chache, kisha toa pumzi na uachie kila kitu kwa mkupuo. Rudia mara mbili au tatu. Yogananda alikuwa na mfululizo mzima wa mazoezi ya aina hii aliouanza mwaka 1916. Kwa kuanzia, huo mmoja unatosha. Usiuruke kwa kuuona wa kitoto: mtu aliyetoka kwenye shughuli huwa hajui kwamba mabega yake yamekazana mpaka ayakaze zaidi kisha ayaachie.

Cha pili ni pumzi ya polepole iliyo sawa. Vuta kwa pua ukihesabu moja hadi tano, toa kwa pua ukihesabu moja hadi tano. Usizuie pumzi katikati. Tumbo litanuke pumzi inapoingia, lirudi ndani inapotoka, kifua na mabega vibaki vimetulia. Ikiwa tano ni nyingi, hesabu nne au tatu. Fanya dakika tatu, zisizidi tano. Kipimo cha usahihi ni kwamba ukimaliza usiwe na haja ya kuvuta pumzi kubwa ya kujifidia. Ukiwa nayo, ulikuwa unalazimisha.

Cha tatu, ambacho ndicho kikubwa, ni kuitazama pumzi bila kuiongoza. Hapa unaachana na hesabu. Acha pumzi iingie na kutoka inavyotaka, ndefu au fupi, na wewe uifuate tu pale inapogusa tundu za pua. Katika mkondo wa Yogananda pumzi inayoingia husindikizwa kimoyomoyo na neno *hong* na inayotoka na neno *sau*, midomo na ulimi vikiwa vimetulia. Ukipenda kutumia neno lingine la imani yako, au kutotumia neno lolote, ufuatiliaji ni uleule.

Ugumu wake ni kwamba mara tu unapoitazama pumzi unaanza kuiendesha bila kukusudia. Dawa yake ni kungoja. Pumzi ikitoka, usiivute inayofuata: subiri ije yenyewe. Kati ya kutoka na kuingia patatokea kituo kidogo. Kisirefushwe, kisifupishwe. Kadiri mwili unavyotulia ndivyo mahitaji yake ya hewa yanavyopungua, na vituo hivyo hurefuka vyenyewe. Kurefuka kwa namna hiyo na kuzuia pumzi kwa nguvu ni mambo mawili yanayofanana kwa nje na kupingana kwa ndani.

Lazima nikae chini na kukunja miguu?

Si lazima. Patanjali alidai mkao uwe imara na wa raha, basi. Kiti kisicho na mikono, nyayo zikiwa zimelala sakafuni, makalio yakiwa mbele kidogo ili mgongo usiegemee, kinafaa kabisa, na Yogananda mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wake wa Marekani wakae hivyo. Anayependa kukaa chini aweke mto mgumu chini ya makalio ili magoti yawe chini ya nyonga, la sivyo kiuno kitapinda baada ya dakika chache. Kinachotakiwa bila mjadala ni uti wa mgongo ulionyooka na kidevu kilichosawazika na sakafu. Kulala chali kunapumzisha vizuri, lakini kwa kazi hii utaishia usingizini.

Pumzi ya polepole inafanya nini mwilini?

Tuanze na isichofanya. Haikujazi oksijeni. Kwa mtu mwenye afya njema damu tayari imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba, kwa hiyo kuvuta hewa nyingi zaidi hakuongezi cha maana. Kinachobadilika kwa haraka ukipumua kwa nguvu ni kiwango cha hewa ya ukaa, ambacho hushuka, na kushuka huko kuna madhara yake. Tutayaona kwenye swali linalofuata.

Faida inatoka kwenye mdundo. Mtu mzima aliyetulia hupumua takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukivuta kwa sekunde tano na kutoa kwa sekunde tano, umefika mara 6. Moyo kwa kawaida huenda kasi kidogo pumzi inapoingia na kupunguza mwendo inapotoka, kazi inayosimamiwa kwa sehemu kubwa na vagasi, neva inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye moyo na viungo vingine vya ndani. Kwenye mwendo wa karibu pumzi 6 kwa dakika, kupanda na kushuka huko kwa mapigo hulingana na mawimbi ya asili ya shinikizo la damu, na mfumo wa mwili unaorekebisha shinikizo hilo hufanya kazi vizuri zaidi. Ndiyo maana watu wengi huhisi wametulia ndani ya dakika chache tu, hata kabla umakini haujaimarika.

Kuna utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la kitabibu la BMJ ambao huwa nafurahi kuutaja. Waliwapima watu wazima 23 wenye afya wakisali rozari kwa Kilatini na wakisoma mantra ya yoga, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa, wakakuta kwamba yote mawili yaliwashusha hadi karibu pumzi 6 kwa dakika bila mtu kuambiwa ahesabu chochote. Mapokeo mawili tofauti yalifika kwenye mdundo mmoja.

Nikifanya, napata kizunguzungu na ganzi vidoleni. Ni nishati inayopanda?

Karibu mara zote ni pumzi iliyozidi. Ukipumua kwa kina na kwa haraka, hewa ya ukaa hupungua kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa kidogo, na matokeo yake ni kichwa chepesi, ganzi kuzunguka midomo na vidole vinavyochomachoma. Acha zoezi, fumbua macho, pumua kawaida kwa dakika chache, na kesho punguza kina cha pumzi na idadi yake. Ikiendelea hata ukipumua kawaida, au ikija na maumivu ya kifua, hilo si suala la yoga tena: nenda hospitali.

Inanisikitisha kuona watu wakitiwa moyo waendelee kwa kuambiwa kwamba dalili hizo ni maendeleo ya kiroho.

Nani asifanye mazoezi haya, au ayafanye kwa uangalizi?

Kukaa kimya na kuitazama pumzi ya kawaida kunawafaa watu wengi. Tahadhari ni kwenye kuzuia pumzi, pumzi za nguvu, na mikao ya kuinama huku pumzi imezuiwa. Mwenye shinikizo la juu la damu lisilodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, kifafa, presha ya macho, ngiri, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, na mjamzito waviache hivyo mpaka wazungumze na daktari. Mwenye pumu asiweke dawa yake mbali.

Kundi linalosahaulika ni la wenye historia ya maradhi ya akili yanayomtoa mtu kwenye uhalisia, au majeraha mazito ya kihisia. Kwao ukimya mrefu unaweza kufungua mambo wasiyoweza kuyabeba peke yao. Wapo pia watu ambao kuitazama pumzi tu kunawaletea hofu, kana kwamba wanakabwa. Kama wewe ni mmoja wao, weka umakini kwenye nyayo au viganja, fumbua macho nusu, kaa dakika tatu nne, na usione umeshindwa. Hali ikizidi, simamisha mazoezi na umwone mtaalamu.

Mawazo hayanyamazi hata kidogo. Nakosea wapi?

Pengine hukosei popote. Katika sura ya 6 ya Bhagavad Gita, andiko takatifu la Wahindu, shujaa Arjuna anamlalamikia Krishna, mwalimu wake wa kiungu, kwamba kuizuia akili ni kugumu kama kuuzuia upepo. Krishna hambishii. Anakubali kwamba ni kazi ngumu, kisha anataja vitu viwili vinavyoiwezesha: mazoezi na kutong'ang'ania. Patanjali anataja viwili hivyohivyo.

Wanaoanza hushika la kwanza na kulisahau la pili. Wanakaza paji la uso, wanaminya meno, wanayafukuza mawazo moja baada ya jingine, na kila linalofukuzwa linarudi na mwenzake. Lengo la kikao cha mwanzo liwe dogo zaidi: kugundua kwamba umeondoka, na kurudi kwenye pumzi inayoingia au kutoka wakati huohuo. Usirudi kwenye ile uliyoikosa, na usijikaripie, maana karipio nalo ni wazo, tena lenye maneno mengi. Ukirudi mara arobaini katika dakika kumi, umefanya zoezi mara arobaini.

Mawazo yenyewe hayalingani uzito. Yapo yanayopita tu, kama kelele za nje, na hayo hayahitaji lolote. Yapo yanayokuvuta kwa sababu yana kazi inayosubiri: ujumbe usiojibiwa, deni, miadi. Hayo yaandike kwenye karatasi kabla ya kukaa, nayo yatapunguza ubishi. Na yapo yanayotokana na ugomvi. Uliyegombana naye jana utamkuta amekaa nawe asubuhi, na hakuna mbinu ya pumzi itakayomwondoa upesi. Ndiyo sababu walimu wa njia hii huanza na tabia, yaani kutodhuru, kusema kweli na kutochukua kisicho chako, kabla ya pumzi. Watu huliona hilo kama wosia wa kidini. Kwa anayekaa kila siku ni matengenezo ya kawaida.

Nasinzia kila nikikaa.

Lala mapema zaidi, kwanza. Kama umelala vya kutosha na bado unasinzia, kaa kabla ya kula au angalau saa mbili tatu baada ya mlo mzito, nawa uso kwa maji baridi, anza kwa kukaza na kulegeza mwili, na uangalie kidevu: kikianza kushuka, usingizi umeshaingia mlangoni. Ukizidiwa, simama ufanye pumzi chache ukiwa wima.

Macho yatazame wapi?

Katikati ya nyusi, lakini kwa ulegevu. Fumba macho, yainue kidogo tu kana kwamba unatazama kitu kilicho mbali na juu. Umakini ndio unaokwenda kwenye paji la uso, na macho yanafuata kwa kadiri yanavyoweza. Maumivu ya kichwa au ya nyuma ya macho ni dalili kwamba unayasokota. Yashushe, pumzika, endelea na pumzi peke yake.

Saa ngapi, kwa muda gani, mara ngapi kwa siku?

Mapokeo ni mara mbili, asubuhi na jioni. Kwa anayeanza napendelea asubuhi tu, kabla ya kuigusa simu, dakika 15, na jioni iongezwe asubuhi ikishakuwa jambo lisilohitaji kujadiliwa na nafsi. Katika dakika 15 hizo, mbili ni za kukaza na kulegeza, tatu za pumzi iliyo sawa, sita za kuitazama pumzi, na nne za mwisho ni za kukaa bila kufanya lolote. Hizo nne zina swali lao hapa chini.

Mahali pawe palepale na kiti kilekile ikiwezekana. Weka kengele ya upole ili usichungulie saa. Siku ndefu ya mapumziko ukitaka kukaa dakika 40 au saa nzima, kaa, mradi hilo lisiwe fidia ya siku sita ulizoziacha.

Nikikosa siku moja, nimeharibu?

La. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya na kukuta kwamba kwa wastani wa katikati ilichukua siku 66 jambo kufanyika bila kujisukuma, huku tofauti kati ya mtu na mtu zikianzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kukosa siku moja hakukuvuruga mwenendo kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo puuza anayekuuzia hadithi ya kwamba tabia hujengeka kwa siku 21, na ukikosa leo, kesho kaa muda uleule wa kawaida, bila kuuongeza kama adhabu.

Siku mbaya kabisa, ukiwa safarini au unauguza mtu, kaa dakika tatu. Dakika tatu za pumzi hazikupi utulivu mkubwa, ila zinakuepusha na ile siku ya pili ya kukosa, ambayo ndiyo huzaa ya tatu.

Kwa nini nasisitiziwa nikae kimya baada ya kumaliza pumzi?

Hili ndilo swali ambalo ningependa liulizwe zaidi. Lahiri Mahasaya alilipa jina hali inayofuata baada ya kriya, *paravastha*, na aliipa uzito mkubwa kuliko wingi wa pumzi zenyewe. Pumzi inautayarisha mwili: mapigo yameshuka, misuli imelegea, hesabu imeifunga akili mahali pamoja. Kisha unaacha kila mbinu na kukaa katika kile kilichobaki.

Wengi huondoka hapo hapo. Wamehesabu pumzi zao, wamezimaliza, wanafumbua macho na kushika simu. Ni mtu aliyepika chakula kizuri, akazima moto, akaondoka bila kula.

Mwanzoni dakika hizo zitaonekana tupu, hata za kuchosha, kwa sababu hakuna cha kufanya. Usizijaze. Usirudie mbinu, usisubiri tukio. Kama umezoea kusali, hapa ni mahali pazuri kwa sala fupi, kisha kunyamaza. Pumzi inaweza kuwa ndogo sana hapo hata ukaisahau. Ukishtuka na kuvuta pumzi kubwa kwa hofu, hakuna kilichoharibika, kaa tena. Kwa anayefanya kikao cha nusu saa, naona theluthi yake yote iwe ya ukimya huo. Na kama siku hiyo muda umebana, punguza pumzi, usipunguze ukimya.

Ukiinuka, inuka polepole. Dakika ya kwanza baada ya kufumbua macho ndiyo inayoonyesha kama utulivu ulikuwa wa kiti tu.

Nimeona mwanga, nimesikia mvumo. Ni nini?

Hutokea kwa baadhi ya watu na kwa wengine kamwe. Mapokeo ya kriya yanazungumza waziwazi kuhusu nuru katikati ya nyusi na sauti ya Om inayosikika kwa ndani, na mwalimu wako atakueleza namna ya kuvipokea. Ubongo uliotulia gizani nao hutoa mianga na milio ambayo haina maana yoyote. Ushauri ni mmoja kwa vyote: visitafutwe, visifukuzwe, wala visisimuliwe kwa kila mtu. Mlio wa masikio usiokoma hata mchana ni wa daktari.

Nitalazimika kuacha dini yangu?

Njia hii imetoka kwenye mazingira ya Kihindu na inatumia lugha yake, hilo lisifichwe. Lakini Lahiri Mahasaya alikuwa na wanafunzi Waislamu, Wahindu na Wakristo, na wanafunzi wake walisimulia kwamba aliwahimiza Waislamu washike sala zao na Wakristo wapige magoti na kusoma Biblia. Yogananda naye alimweka Yesu na Krishna pamoja kwenye madhabahu yake. Wapo viongozi wa dini wasioridhika na maelezo hayo, na wana haki ya kuwa na msimamo wao. Kama dhamiri yako inasita kwenye mantra au kwenye kumheshimu guru, yaani mwalimu wa kiroho, usijilazimishe: pumzi iliyo sawa na ukimya haviko chini ya milki ya dini yoyote.

Nitajuaje kwamba naendelea?

Usipime kwa kikao. Vikao vibovu huja hata kwa wazoefu, na kizuri cha jana kinaweza kuwa cha usingizi mzuri tu. Tazama mahali pengine: unachukua muda gani kupoa baada ya kukasirika? Unamsikiliza mtu mpaka amalize? Unaweza kusoma kurasa kadhaa bila kuigusa simu? Waulize unaoishi nao, maana wao huona kabla yako, nao hawana haya ya kukwambia kama hakuna kilichobadilika.

Yogananda aliandika kwamba nusu dakika ya kriya ni sawa na mwaka mzima wa ukuaji wa kawaida wa kiroho. Hayo ni maneno ya imani, hayana kipimo. Nimeona wakiyashika waliokuwa na haraka, wakaongeza idadi za pumzi na kuzipunguza ubora.

Basi naweza kuongeza idadi nikiona naweza?

Kama umepewa diksha, idadi ni ya mwalimu wako kuiongeza, na mwulize kabla hujafanya hivyo. Kama uko kwenye matayarisho, ongeza dakika chache tu kwa wakati, uzikalie wiki kadhaa, na uongeze upande wa kuitazama pumzi na wa ukimya. Zile dakika tatu za pumzi ya kuhesabu zibaki tatu.